FAFSA Bila Kukwama: Mwongozo Kamili wa Kuomba Msaada wa Kulipia Chuo Marekani

Kila ifikapo mwezi wa kumi huwa nakaa mezani na familia zetu, kijana upande mmoja na mzazi upande wa pili, tukijaza FAFSA, fomu ya serikali kuu ya Marekani ya kuombea msaada wa kulipia chuo. Na kila mwezi wa nne wapo wanaonijia na habari ileile: vyuo vinasema havijapokea kitu. Walijaza nyumbani, wakabonyeza, wakaamini yamekwisha. Kumbe fomu ilikwama siku ileile.

Mara nyingi hawa ni watu wenye haki kamili ya kupata ruzuku. Kinachowaangusha ni mambo machache yanayojirudia: akaunti ya mama iliyofunguliwa kwa barua pepe ya mtoto, mjomba aliyeandikwa kama baba, idhini ya kodi iliyorukwa, tarehe ya kuzaliwa isiyolingana na kumbukumbu za serikali. Hapa chini nimekaa zaidi kwenye mambo hayo. Someni pamoja, mzazi na kijana, maana fomu hii kwa kawaida hukamilishwa na wote wawili.

Neno moja kwa wazazi wanaoogopa deni: kujaza FAFSA si kukopa. Ni kuomba uonyeshwe unachoweza kupata. Ruzuku hairudishwi. Mkopo utauona baadaye kwenye barua ya chuo, na unaweza kuukataa wote huku ukiipokea ruzuku. Kwa Waislamu wanaoikwepa riba jambo hili ni kubwa, na inaniuma kuona familia ikiacha maelfu ya dola yasiyo na riba hata senti kwa kudhani fomu yote ni ya mkopo.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Kwa mwanafunzi:

- Namba ya soshal (Social Security), pamoja na kadi yenyewe ili uone jina lilivyoandikwa.
- Kama si raia, kadi ya kijani au I-94 (rekodi ya kuingia kwako Marekani), na ile namba inayoanza na herufi A. Ikiwa tarakimu zake hazifiki 9, tanguliza sifuri.
- Barua pepe yake binafsi. Usitumie ya sekondari, kwa sababu shule nyingi huifunga baada ya kuhitimu na ujumbe wa vyuo utapotelea humo.
- Orodha ya vyuo. Unaweza kuweka hadi 20, hata ambavyo bado hujaviombea nafasi.

Kwa mzazi:

- Barua pepe yake na simu yake mwenyewe.
- Namba ya soshal ikiwa anayo. Asiye nayo bado anaweza kufungua akaunti.
- Karatasi za kodi za miaka miwili nyuma. Kwa mwaka wa masomo 2026–27, kwa mfano, zinatakiwa za 2024.
- Salio la benki la siku mnayojaza, na kiasi cha fedha za matunzo ya watoto mlichopokea ikiwa zipo.

Ongezeni daftari moja. Humo mtaandika barua pepe iliyotumika, jina la akaunti na neno la siri la kila mmoja, kisha lifungiwe ndani kama pasipoti. Fomu hii hurudiwa kila mwaka, na nimeona watu wakipoteza wiki nzima wakitafuta neno la siri la mwaka uliopita.

## Hatua ya 1: Jua kama una haki, na tarehe zako ni zipi

Raia ana haki. Mwenye kadi ya kijani ana haki. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mtu ambaye ombi lake la hifadhi limekubaliwa wana haki kwa I-94 yao, hata kabla ya kadi ya kijani.

Wasioweza kupata msaada wa serikali kuu ni mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1, mwenye DACA (kinga ya muda kwa walioletwa wakiwa watoto bila karatasi), anayesubiri jibu la ombi la hifadhi, na asiye na karatasi. Hao wasiache kuuliza jimboni kwao, kwa kuwa baadhi ya majimbo yana fomu zake. California ina California Dream Act Application, Washington ina WASFA, Texas ina TASFA.

Hali ya uhamiaji ya mzazi haimnyimi haki mtoto anayestahili. Hata hivyo, ikiwa nyumbani yupo mtu asiye na karatasi, zungumzeni na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kutuma. Uamuzi wa kuipa serikali taarifa za mtu huyo ni wa familia, na mnahitaji ushauri wa anayeijua sheria.

Sasa tarehe. Fomu hufunguliwa tarehe 1 Oktoba au karibu na hapo kwa ajili ya mwaka wa masomo unaofuata. Serikali kuu huipokea hadi 30 Juni mwishoni mwa mwaka husika wa masomo, na tarehe hiyo imewaponza wengi kwa sababu inaonekana iko mbali. Majimbo na vyuo vina tarehe zao za mapema zaidi. California, kwa mfano, kawaida hufunga ruzuku zake kuu tarehe 2 Machi. Kwingine fedha hugawiwa kwa kufuata aliyetangulia, hadi ziishe.

Andika kwenye daftari tarehe ya jimbo na ya kila chuo, kisha zungushia ya mapema kuliko zote. Hiyo ndiyo yako.

## Hatua ya 2: Amueni nani ni "mzazi" kwa macho ya fomu

Hapa ndipo familia zetu huanguka kuliko mahali pengine popote, na sababu yake ni ya heshima. Kwetu baba mdogo ni baba, mama mkubwa ni mama, na dada aliyekulea tangu kambini anaitwa mama bila mtu kushangaa. Fomu haiyajui hayo. Kwa FAFSA, mzazi ni aliyekuzaa au aliyekuasili kisheria, pamoja na mke au mume wake wa sasa katika hali fulani. Bibi, mjomba, shangazi, kaka na dada hawaingii, hata kama wamelipa kila kitu tangu ukiwa mtoto.

Kumwandika mjomba kama baba ni kutoa taarifa isiyo ya kweli kwenye fomu ya serikali, hata ikiwa hukukusudia. Chuo kikiomba cheti cha kuzaliwa au karatasi za kodi, mambo hugoma hapo.

Wazazi wakiwa wameoana na walipeleka kodi kwa pamoja, mmoja wao anatosha kushiriki. Ikiwa kila mmoja alipeleka yake, wote wawili wataingia. Wazazi wako wasio na ndoa ya kiserikali lakini wanaishi nyumba moja, wote wawili huhesabika.

Wazazi walioachana? Anaandikwa yule aliyetoa fedha nyingi zaidi za kukutunza katika miezi 12 iliyopita. Inaweza kuwa si yule unayeishi naye. Akiwa ameoa au kuolewa tena, kipato cha mwenzi wake nacho huingia.

Wapo vijana wanaojaza bila mzazi yeyote. Fomu humwita kijana wa namna hii anayejitegemea. Huwezi kujitangazia hali hiyo kwa sababu umehama nyumbani au unajilipia simu. Ni lazima uguswe na mojawapo ya mambo kama haya: umefikisha umri wa miaka 24 kabla ya 1 Januari ya mwaka wa masomo unaoombea, umeoa au umeolewa, una mtoto unayemtunza, umetumikia jeshi la Marekani, ulikuwa yatima au kwenye malezi ya serikali wakati wowote tangu ulipotimiza miaka 13, au mahakama ilimteua mtu kuwa mlezi wako wa kisheria.

Hilo la mwisho lisikieni vizuri. Ikiwa shangazi alipewa ulezi na mahakama, kijana hujaza peke yake, bila shangazi wala wazazi. Ikiwa shangazi alimlea tu kwa mapenzi, bila karatasi ya mahakama, njia hiyo haipo.

Basi kijana aliyekuja na shangazi, ambaye hajui kama mama yake yu hai, afanyeje? Fomu ina swali kuhusu hali zisizo za kawaida zinazomzuia kuwasiliana na wazazi au kumweka hatarini akiwatafuta. Sheria inataja hali ya ukimbizi au hifadhi miongoni mwa mambo ambayo chuo kinaweza kuyazingatia. Jibu ndiyo, na fomu itakupokea kwa muda kama anayejitegemea.

Neno "kwa muda" lina uzito wake. Baada ya kutuma, lazima uandikie ofisi ya misaada ya fedha ya kila chuo, ueleze kilichotokea na uambatanishe ushahidi: karatasi za ukimbizi, barua ya mfanyakazi wa shirika lililowapokea, ya mshauri wa shule, au ya kiongozi wa dini anayeijua familia. Wao ndio waamuzi. Mkikaa kimya, msaada hautatolewa.

Hatua hii imekamilika mkiweza kutaja kwa majina, bila kubishana, watu wote watakaotia sahihi.

## Hatua ya 3: Kila mtu akaunti yake

Nendeni studentaid.gov, mkihakikisha mwisho wake ni .gov. Fomu ni bure. Tovuti au mtu anayedai malipo ili awajazie, muacheni.

Mwanafunzi anafungua akaunti. Kila mzazi anayeshiriki naye anafungua yake, kwa barua pepe yake. Barua pepe moja haiwezi kubeba akaunti mbili, na ndiyo maana mama anayetumia ya mwanawe hukataliwa, au mbaya zaidi, akaunti inachanganyikiwa na kuchukua wiki kurekebisha. Mama asiye na barua pepe afunguliwe leo, kwenye simu yake mwenyewe, na afundishwe kuisoma.

Msifungue akaunti ya mzazi bila yeye kuwepo. Ile akaunti ni sahihi yake kisheria. Hata sisi tunaosaidia haturuhusiwi kuifungua kwa niaba ya mtu. Mzazi akae, aulizwe kila swali kwa Kiswahili, ajibu, abonyeze yeye.

Jina na tarehe ya kuzaliwa viandikwe kama vilivyo kwenye kumbukumbu za soshal. Wengi wetu tulioingia kama wakimbizi tuliandikiwa 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa. Wengine jina la ukoo limetangulia, jina la baba limegeuzwa kuwa la katikati, au herufi moja imepotea. Ukiweka tarehe ya kweli anayoikumbuka mama wakati serikali ina 1 Januari, mfumo utakukataa. Weka iliyo kwao. Ukitaka kurekebisha, anzia ofisi ya soshal, halafu urudi kwenye fomu.

Uhakiki wa namba ya soshal unaweza kukamilika papo hapo au kuchukua siku chache. Ndiyo maana nasisitiza msifungue akaunti usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho. Asiye na soshal anaweza kuombwa ushahidi wa ziada, ajipe muda mrefu zaidi.

Mko sawa ikiwa kila mmoja anaweza kutoka, kuingia upya, na kupokea namba ya uthibitisho kwenye simu au barua pepe yake.

## Hatua ya 4: Jaza sehemu ya mwanafunzi, kisha mwalike mzazi

Mwanafunzi aingie kwa akaunti yake na kuchagua mwaka sahihi. Miaka miwili ya masomo hukaa pamoja kwenye tovuti, na wapo waliojaza wa zamani kwa makini makubwa. Anayeanza chuo Agosti 2026 anajaza 2026–27.

Majibu yawe ya mwanafunzi mwenyewe. Swali likisema "wewe", linamhusu yeye. Kipato cha mama kikiandikwa kwenye sehemu ya mtoto, hesabu nzima huharibika, kwa kuwa fomu hukipima kipato cha mwanafunzi kwa namna tofauti na cha mzazi.

Ukifika sehemu ya kumwalika mzazi, weka barua pepe ileile aliyofungulia akaunti. Naye aufungue mwaliko, aingie kwa akaunti yake, ajaze upande wake. Asitumie akaunti ya mtoto hata kama mko kwenye kompyuta moja. Toka kwanza, ndipo yeye aingie.

## Hatua ya 5: Idhini ya kodi na sahihi

Mahali fulani fomu itaomba ruhusa ya kuchukua taarifa za kodi moja kwa moja kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Kila anayeshiriki lazima akubali. Hata asiyepeleka kodi. Hata asiye na namba ya soshal. Akikataa mmoja, mwanafunzi hapati msaada wowote wa serikali kuu, hata mkopo.

Wazazi huniuliza, "Nikikubali hapa, deni la mtoto litakuwa langu?" Hapana. Idhini hii ni ya taarifa za kodi tu.

Halafu sahihi. Mwanafunzi anatia yake, mzazi anatia yake. Msifunge ukurasa kabla ya kuona uthibitisho kwamba fomu imetumwa na kupokewa. Upigeni picha. Barua ya uthibitisho pia huja kwenye barua pepe ya mwanafunzi. Ikiwa mmefika mwisho lakini hakuna uthibitisho wowote, hesabuni kwamba fomu haijaenda.

## Hatua ya 6: Mali na akiba, bila kuongeza wala kupunguza

Familia nyingi za kipato cha chini hazitaulizwa kabisa kuhusu mali. Mkiulizwa, nyumba mnayoishi haiandikwi, wala akiba ya uzeeni iliyo kwenye mfuko rasmi. Magari nayo huachwa.

Nyumba ya kupangisha au kiwanja mnachomiliki nje ya Marekani ni mali, sawa na kama kingekuwa hapa Marekani. Andikeni thamani yake ya leo kwa dola, mkitoa deni lililo juu yake. Ikiwa kiwanja ni cha ukoo na hakiko kwa jina lenu, si chenu kwa fomu hii.

Fedha mnazotuma nyumbani kila mwezi hazina nafasi kwenye fomu. Najua ni mzigo wa kweli. Zitajeni kwenye hatua ya 10.

## Hatua ya 7: Soma muhtasari

Fomu iliyotumwa mtandaoni kwa kawaida huchakatwa ndani ya siku moja hadi tatu. Ingia tena kwenye akaunti ya mwanafunzi, ufungue muhtasari wa fomu. Wengi hawafanyi hivi, na hapa ndipo wangeona kosa mapema.

Tafuta mambo mawili. La kwanza ni hali ya fomu: imechakatwa, au inadai sahihi, idhini au marekebisho? La pili ni namba inayoitwa SAI (Student Aid Index). Inaweza kushuka hadi chini ya sifuri, mpaka -1500, na kadiri ilivyo ndogo ndivyo mahitaji yako yanavyoonekana makubwa. Si kiasi mtakachodaiwa. Ni kipimo ambacho vyuo hutumia kupanga msaada.

SAI ikiwa sifuri au pungufu, ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, kwa kawaida hufika kiwango cha juu, ambacho kwa mwaka wa masomo 2025–26 ni dola 7,395 kwa anayesoma muda wote. Anayesoma nusu muda hupata pungufu.

Kosa ulilolikuta hurekebishwa humohumo. Usijaze fomu mpya.

Kuna vyuo, hasa vya binafsi, vinavyotaka pia fomu ya pili iitwayo CSS Profile, ya College Board. Hiyo ina ada, ila familia yenye kipato kisichozidi dola 100,000 kwa mwaka husamehewa kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Angalia tovuti ya kila chuo.

## Hatua ya 8: Chuo kikiomba karatasi

Baadhi ya fomu huchaguliwa kwa uhakiki. Si tuhuma, na haina maana kwamba mmekosea. Chuo kitataka karatasi za kodi, uthibitisho wa idadi ya watu nyumbani, kitambulisho, au nakala ya I-94.

Hatari yake ni ukimya. Ombi hilo huja kwa barua pepe au kwenye akaunti ya mwanafunzi ya chuo, ambayo hajawahi kuifungua. Msaada wote husimama hadi karatasi zifike. Kwa hiyo kijana ajiwekee siku mbili kila wiki za kusoma barua pepe na akaunti za vyuo vyake vyote, tangu Januari hadi masomo yaanze. Mzazi amuulize Jumapili jioni: wameandika nini?

Karatasi ikiwa ya lugha nyingine, uliza kama wanataka tafsiri iliyothibitishwa. Weka nakala ya kila unachotuma.

## Hatua ya 9: Barua ya msaada, na hesabu ya kweli

Vyuo vilivyokukubali vitakutumia barua ya msaada. Barua hizi huandikwa kwa namna ya kufurahisha, na jumla kubwa chini. Usiifuate jumla hiyo. Chukua karatasi, ugawe fedha katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni zisizorudishwa: ruzuku ya Pell, ruzuku ya jimbo, ruzuku na ufadhili wa chuo. La pili ni kazi za wanafunzi, utaziona kwa jina la Federal Work-Study. Hizo ni mshahara. Mwanafunzi lazima atafute kazi hiyo, afanye saa zake, alipwe kidogo kidogo. Hazitapunguza bili ya Agosti. La tatu ni mikopo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Chuo cha kwanza gharama yake ya mwaka, pamoja na malazi na chakula, ni dola 32,000. Barua inaonyesha Pell 7,395, ruzuku ya chuo 9,000, mikopo 5,500 na kazi 2,500. Jumla ni 24,395, na inaonekana kama zimebaki 7,605 tu. Lakini zisizorudishwa ni 16,395. Gharama yenu ya kweli ni 15,605.

Chuo cha pili gharama yake ni 24,000. Barua inaonyesha Pell 7,395 na ruzuku 6,000, bila mkopo wala kazi. Jumla ya barua ni 13,395 tu, ndogo kabisa kulinganisha na ile ya kwanza. Gharama yenu ya kweli ni 10,605. Chuo cha barua nyembamba ni nafuu kwa dola 5,000 kila mwaka. Nimeona familia ikichagua ile barua nene, na mwaka wa pili kijana akarudi nyumbani na deni bila shahada.

Kuhusu mikopo, soma majina. Direct Subsidized Loan ni ya mwanafunzi, na serikali hulipa riba yake akiwa bado anasoma angalau nusu muda. Direct Unsubsidized Loan huanza kuzaa riba tangu siku inapotolewa. Mwanafunzi tegemezi wa mwaka wa kwanza anaweza kukopa hadi dola 5,500 kwa jumla, na kati ya hizo zenye nafuu ya riba hazizidi 3,500. Si lazima achukue zote; anaweza kuomba kiasi kidogo au kukataa.

Parent PLUS ni deni la mzazi, kwa jina lake, lenye riba ya juu zaidi. Kuanzia Julai 2026 mikopo mipya ya aina hii imewekewa kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mwanafunzi mmoja. Vyuo vingine huiweka ndani ya barua kana kwamba ni msaada kama mwingine. Mimi huishauri familia ihesabu barua bila hiyo kabisa. Kama chuo hakiwezekani bila PLUS, tazameni chuo cha jamii cha miaka miwili kwanza, ambako mara nyingi Pell hulipa ada yote.

Mkimaliza, muwe na ukurasa mmoja wenye jina la kila chuo na namba moja mbele yake: gharama baada ya kutoa fedha zisizorudishwa. Vyuo vingi hutaka jibu kufikia 1 Mei.

## Hatua ya 10: Omba waangalie upya

Kodi za miaka miwili nyuma haziwezi kujua kwamba baba aliumia kazini mwezi uliopita. Mambo yakiwa yamebadilika, kama kupoteza kazi, ugonjwa wenye bili kubwa, talaka au kifo, ofisi ya misaada ya fedha ina mamlaka ya kisheria ya kurekebisha hesabu kwa mwanafunzi mmoja mmoja.

Andika barua fupi. Eleza kilichotokea, lini, na kimepunguza kipato kwa kiasi gani. Ambatanisha barua ya mwajiri, bili, au hati ya mahakama. Fedha mnazotuma kwa jamaa wanaowategemea zitajwe hapa, pamoja na risiti. Hawalazimiki kuzikubali, ila wasipoambiwa hawatajua.

Wazazi wetu huona aibu hapa. Wanahisi ni kuombaomba kwa mtu aliyekwisha kukupa. Nawaomba waiweke kando hisia hiyo. Ofisi hizo huletewa maombi kama haya kila mwaka, na kwa mtumishi anayeipokea barua hiyo ndiyo kazi yake. Piga simu kwanza, uliza utaratibu wao, ombeni mkalimani mkihitaji.

## Hatua ya 11: Usiupoteze ukishaupata

Msaada una masharti. Chuo huangalia maendeleo ya masomo: wastani wa alama, mara nyingi kuanzia 2.0, na sehemu ya masomo uliyojiandikisha ukayamaliza. Ukishuka, msaada husimamishwa, ingawa unaweza kukata rufaa ukiwa na sababu.

Usiache muhula katikati bila kwenda kwanza kwenye ofisi ya misaada. Anayeondoka kabla ya kupita asilimia 60 ya muhula, sehemu ya fedha hurudishwa serikalini, na chuo kinaweza kumdai yeye pengo hilo. Msiba ukitokea nyumbani, au mama akilazwa, pita hapo siku hiyohiyo kabla ya kupanda basi. Mara nyingi zipo njia ambazo mwanafunzi hawezi kuzijua mwenyewe.

Pell ina kikomo cha mihula 12 ya muda wote katika maisha yako, kwa hiyo kila muhula unaourudia unakula akiba hiyo.

Oktoba ikirudi, lifungueni lile daftari mjaze upya. Mkikwama kwenye akaunti, simu ya bure ya serikali ni 1-800-433-3243. Kijana awe karibu na mzazi wakati wa kupiga, kwa kuwa kila mmoja ataulizwa kuhusu akaunti yake mwenyewe.